Jimbo ndani ya jimbo: mgombea binafsi niliyemuona Alaska

Nianze na neno lenyewe maana ndo lilianza kunichanganya. Kwetu Tanzania ukisema jimbo, mtu anaelewa jimbo la mbunge, Kigamboni, Mtera, Korogwe Vijijini, basi. Nilipofika Marekani mwaka 2013 kwa ile bahati nasibu ya grini kadi nikakuta jimbo ni kitu kingine, ni kama nchi kamili, lina gavana wake, lina katiba yake, mahakama kuu yake, na bunge lake, na ndani ya hilo jimbo kuna tena vijimbo vidogo vya wabunge wa jimbo. Kwahiyo baba mdogo akinipigia kutoka Dodoma akauliza "mbunge wa jimbo lenu nani?" najikuta naanza kumrudishia maswali, baba, jimbo lipi sasa, kubwa au dogo? Anaona kama nimeshakuwa mzungu namletea maringo.

Nimeishia Anchorage, Alaska. Usiniulize kwanini Alaska, ni stori ya binamu na kazi ya mizigo uwanja wa ndege, madege makubwa yanatoka Asia yanatua hapa usiku kucha yanajaza mafuta yanaendelea, na sisi tuko kwenye baridi tunasukuma makontena. Nilipanga upande wa magharibi, maeneo ya Jewel Lake na Sand Lake, karibu na uwanja, ndege zinakupitia juu ya bati. Mtaa wa kawaida, nyumba za mbao, gari mbili kila uani, na mara moja moja muusi anapita, huyo ni mnyama mkubwa kama pofu wa mbugani, pembe kama sinia mbili za pilau, anakula maua ya watu na hakuna wa kumfukuza. Kumbe mtaa huo ulikuwa jimbo dogo namba 22 la Baraza la Wawakilishi la Alaska.

Sasa ili ujue udogo wa hilo jimbo. Alaska kwa sensa ya 2010 ilikuwa na watu 710,231, na Baraza lina viti 40 tu (Seneti 20). Gawanya mwenyewe, ni watu kama 17,700 kwa kiti kimoja. Kwetu hao ni kata, tena kata ya wastani. Ndo maana uchaguzi wa huku mtu anaweza kuupiga kwa miguu, mlango kwa mlango, na kura hamsini zinakupa usingizi au zinakukosesha.

Ilikuwa Juni 2016, saa nne usiku na jua liko palepale linawaka kama saa kumi jioni, ndo Alaska kiangazi. Natoka zangu kutupa taka nakutana na mama mmoja wa makamo, kavaa buti za mvua, kashika kibao chenye karatasi zimebanwa na kalamu imefungwa na uzi. Akaniambia anatafuta sahihi, kuna kijana wa hapahapa Anchorage anaitwa Jason Grenn anataka kugombea kiti cha 22 bila chama. Nikamwambia rudia hapo. Akarudia, bila chama. Nikajikuta nimeweka mfuko wa taka chini.

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi, mwenye chama anapita kwenye kura za maoni mwezi wa nane, asiye na chama anakusanya sahihi za wapiga kura wa jimbo lake, asilimia moja ya waliopiga kura uchaguzi uliopita, na zisipungue hamsini. Hamsini! Akishazipata jina lake linaingia moja kwa moja kwenye karatasi ya Novemba. Yule mama akanipa kalamu, nikamwambia mama mimi sina kura, nina grini kadi tu. Akacheka akasema basi mwambie jirani yako, akaondoka na buti zake.

Nilibaki nimesimama pale nacheka peke yangu kwasababu mimi nimekulia kwenye hii ishu. Baba mdogo alikuwa karani Dodoma miaka ya tisini, na nyumba yetu jina la Mchungaji Christopher Mtikila lilikuwa linatajwa kama jina la mtu wa ukoo. Kwa wadogo zangu msioijua hii stori, niipitishe haraka. Vyama vingi vimerudi 1992, ila sheria ikasema ukitaka kugombea lazima chama kikudhamini. Mtikila 1993 akaenda mahakamani Dodoma, 1994 Jaji Lugakingira akampa haki, mgombea binafsi ruksa. Mwaka huohuo Bunge likabadilisha katiba kuifunga ile ruksa. Mzee hakuchoka, akarudi tena Mahakama Kuu, 2006 akashinda tena. Serikali ikakata rufaa, 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge sio la mahakama. Akaenda Arusha kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Juni 2013 akashinda mara ya tatu. Oktoba 2015 akafariki kwenye ajali ya gari, na tangu vyama vingi virudi mpaka naandika hapa hakuna jina hata moja lililoingia kwenye karatasi ya ubunge Tanzania bila nembo ya chama. Kashinda mara tatu na hajawahi kuonja. Halafu mimi huku natupa taka, mama wa watu ananiletea kalamu.

Nikampigia baba mdogo usiku uleule, kwao asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, mnalala saa ngapi nyie?"

Nikamuelezea. Swali lake la kwanza: "Huyo kijana wa chama gani?" Nikamwambia hana. "Najua hana, ila nyuma yake yuko nani?" Nikamwambia baba, sijui. Akasema, "Basi usimshangilie mpaka ujue." Lile swali nilikuja kulielewa miaka miwili baadae.

Aliyekuwa anakalia kiti alikuwa Liz Vazquez, mwanasheria, Republican, alichaguliwa 2014, kwahiyo ana muhula mmoja tu. Na mtaa ule kwa kawaida ni wa Republican, yani mwaka uleule Trump kashinda Alaska bila jasho. Kwa hesabu za kawaida Vazquez hana haja hata ya kutoka nje. Ila 2016 Alaska haukuwa mwaka wa kawaida, na hapa inabidi niongelee hela, kwasababu hela ndo ilikuwa siasa yote.

Alaska inaishi kwa mafuta. Haina kodi ya mapato ya jimbo, haina kodi ya mauzo ya jimbo, na juu ya hapo kila mkazi anapewa gawio kila mwaka kutoka kwenye mfuko wa akiba ya mafuta. Sio stori, ni kweli, tangu 1982, mwaka wa kwanza ilikuwa dola 1,000, mtoto mchanga anapata, bibi anapata, na mwenye grini kadi akikaa mwaka mzima wa kalenda anapata pia. Mimi gawio langu la kwanza ni la 2015, dola 2,072, nilikaa nikaiangalia ile namba kwenye simu kama mtu aliyetumiwa hela kimakosa nasubiri wapige waombe warudishiwe. Nikapaua nyumba ya mama. Mwaka uliofata nishapiga mahesabu ya bati za jikoni, bei ya mafuta duniani ikaporomoka, bajeti ya jimbo ikawa na shimo la mabilioni, bunge likakaa Juneau, mji mkuu wa jimbo, linavutana mpaka likapitiliza muda, na gavana Bill Walker akachukua kalamu akakata gawio nusu. Ikaja dola 1,022. Jiko la mama likabaki na makuti mwaka mzima, kwahiyo nikisema siasa za jimbo la Alaska zilinigusa, zilinigusa Kisosora Tanga.

Na gavana huyo Walker mwenyewe alikuwa hana chama! 2014 aligombea bila chama, Democrat wakamtoa mgombea wao wa ugavana, wakaunganisha nguvu, Byron Mallott wa Democrat akawa naibu. Kwahiyo hewa ya kujitenga na vyama ilikuwepo, na zaidi ya nusu ya wapiga kura waliojiandikisha Alaska hawana chama chochote kwenye daftari. Wale watu ni wa kujitegemea sana, mtu anakaa porini peke yake na mbwa wanane, utamwambia nini habari za kadi ya chama.

Kampeni yenyewe sikuiona kama kampeni. Nilikuwa nasubiri fuso la muziki, kofia, khanga, hamna. Kulikuwa na vibao vidogo vimechomekwa kwenye nyasi za watu na postikadi nyingi kwenye sanduku la barua, hiyo basi. Mlango wangu uligongwa mara tatu na kila mara wakisikia sina kura wanaaga kwa adabu. Jirani yangu, mzee mstaafu wa visima vya mafuta huko kaskazini, Republican wa damu, bendera mlangoni, siku moja nikaona kachomeka kibao cha Grenn. Nikamuuliza mzee vipi tena. Akasema Juneau wamekaa miezi wanalipana posho huku bajeti haijapita, yeye angekaa hivyo kazini angefukuzwa. Akaongeza kwamba Novemba atampigia Trump na atampigia na huyu kijana, karatasi moja, wala hajipingi. Sijamsahau yule mzee, kwasababu kila anayeniambia watu wanapiga kura kwa chama tu namkumbuka yeye, kasimama na koleo la theluji ananifundisha siasa.

Novemba ikafika, Grenn akamshinda Vazquez kwa tofauti ndogo. Nikampigia baba mdogo, kashinda! Akasema, "Haya, sasa atakaa wapi?" Nikasema baba si bungeni. "Bungeni upande gani?"

Huyu mzee bana.

Maana hilo ndo jambo. Bunge lina pande mbili, ukiwa peke yako katikati hupati kamati, hupati kitu, unakaa kama mgeni wa arusi asiye na meza. Grenn alivyofika Juneau (mji mkuu ambao hauna barabara ya kuufikia, unaenda kwa ndege au meli, makao makuu ya serikali kabisa) akajiunga na muungano. Democrat 17, Republican watatu waliokubali kuvuka, na wasio na chama wawili, yeye pamoja na Dan Ortiz wa Ketchikan. Jumla 22 kati ya 40. Unaona hiyo hesabu? Ukitoa wawili tu wanabaki 20, ngoma droo. Mtu asiye na chama, wa kiti cha mtaa wenye watu wachache kuliko wanaoshuka pantoni Magogoni asubuhi moja, kawa ndo nguzo ya nyumba. Spika akawa Bryce Edgmon wa Dillingham, mzawa wa kwanza wa makabila ya asili ya Alaska kuwa spika, na huyo Edgmon mwenyewe aliingia siasa kwa sarafu, 2006 kwenye kura za maoni za Democrat alitoka sare na Carl Moses aliyekuwa anakalia kiti, sheria inasema sare irushwe sarafu, ikarushwa, akapata. Nilivyomsimulia baba mdogo hii ya sarafu alicheka mpaka akakohoa.

Ila sasa kwa wapiga kura wa mtaani kwetu, waliochagua mtu wa katikati, wakaanza kusema mbona kakaa na Democrat. Na ule muungano 2017 ulipitisha Barazani muswada wa kodi ya mapato ili kuziba shimo la bajeti, Seneti ikautupilia mbali, lakini neno kodi lilikuwa limeshatoka mdomoni, na Alaska neno hilo ukishalitoa halirudi. Mwaka huo bunge likakaa siku zaidi ya 200 ukijumlisha vikao maalum, serikali ikabaki siku chache ifungwe kabisa. Yule mzee jirani akang'oa kibao chake cha zamani kilichokuwa kimebaki gereji, akakitupa. Hakusema kitu.

Nimtendee haki lakini. Grenn aliahidi habari ya posho, na aliifanya. 2018 muswada wake, namba HB 44, ukapita na Walker akasaini: bajeti isipopita ndani ya siku 121 wabunge hawapati posho ya kujikimu mpaka waipitishe, na mbunge mwenye maslahi kwenye jambo aseme wazi. Wabunge kujikatia posho wenyewe! Hebu jaribu kuipeleka hiyo hoja Dodoma uone utakavyopigiwa meza.

Nilidhani hiyo peke yake inatosha kumrudisha. Wala. Novemba 2018 karatasi ya kiti 22 ikawa na majina matatu, Republican aitwaye Sara Rasmussen, yeye Grenn, na safari hii na mtu wa Democrat. Ndo hapo swali la baba mdogo lilivyorudi kunipiga usoni, nyuma yake yuko nani. Asiye na chama haibiwi kura na adui, anaibiwa na rafiki. Ili ashinde mtaa kama ule inabidi mmoja wa wale wakubwa wawili akae pembeni au alegee, na chama hakikukupa ahadi yoyote ya kukaa pembeni milele, mtu yeyote anaweza kuokota ile tiketi akajaza fomu. Rasmussen akashinda. Mwaka huohuo, wiki chache kabla ya kura, gavana Walker naye akajitoa kwenye kinyang'anyiro baada ya naibu wake kujiuzulu, na Mike Dunleavy wa Republican akaingia kwa ahadi ya kurudisha gawio kamili. Mimi gawio la 2018 lilikuwa 1,600 na nakiri hapa hadharani, ningekuwa na kura sijui ningempa nani, kanuni zangu zinaishia karibu na zile bati.

Jambo ambalo baba mdogo hakuliamini kabisa lilitokea Februari 2019. Baraza limekaa mwezi mzima haliwezi kupata spika, pande zimeshikana mashati. Edgmon, Democrat wa miaka na miaka, akaenda akabadilisha uandikishaji wake akatoka kwenye chama, akawa hana chama, wakamrudishia uspika. Baba mdogo akauliza, "Na ubunge?" Nikasema anao. "Katoka chama na ubunge anao?" Anao baba, kiti ni cha watu wa Dillingham sio cha chama. Kimya. Maana kwetu ukitoka chama kilichokudhamini kiti kinaanguka hapohapo, katiba imesema, na wabunge wetu wanajua, ndo maana hata mwenye hasira vipi anameza mate anapiga makofi. Ukitaka kujua ishu ya mgombea binafsi ni nzito kiasi gani Tanzania usiangalie siku ya kugombea, angalia siku ya kupiga kura bungeni, mbunge anamuogopa nani.

Mwaka huo wa 2019 ndo niliapa uraia. 2020 kura yangu ya kwanza kabisa ya maisha ya Marekani, nafungua karatasi, watu wote wanaongelea Trump na Biden, mimi jicho limeenda kwenye pendekezo namba mbili, yani sheria inayopigiwa kura na wananchi wenyewe. Kumbe Grenn baada ya kushindwa hakwenda kulala. Alikuwa ndo mmoja wa waliosukuma lile pendekezo, akaongoza kundi lake, Alaskans for Better Elections: kura za maoni za vyama zifutwe, wagombea wote wa kila rangi waingie kwenye mchujo mmoja, wanne wa juu wapite, halafu Novemba mpiga kura anawapanga, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wako wa kwanza akitolewa kura yako inahamia kwa wa pili. Soma tena karatasi ya 2018 ya kiti 22 halafu soma hilo pendekezo, utaona jamaa kaenda kutibu kidonda chake mwenyewe, tena sisemi kwa ubaya, sheria nyingi nzuri zimeandikwa na watu walioumia. Nikaweka alama ya ndio. Likapita kwa asilimia 50 na nukta, puani kabisa.

2022 likatumika kwa mara ya kwanza. 2024 wapinzani wakakusanya nguvu walifute, kura zaidi ya 320,000 zikapigwa, jaribio likashindwa kwa tofauti isiyofika kura 800, wakahesabu tena, likabaki limeshindwa. Chini ya mia nane jimbo zima, lile jimbo kubwa.

Juzi nikawa naongea na baba mdogo, siku hizi masikio mazito inabidi nipige kelele, nikamwambia na zile sahihi hamsini hazihitajiki tena, sasa hivi mtu asiye na chama anajaza fomu kama wengine na kulipa ada. Akauliza ada kiasi gani. Nikamwambia kiti cha Baraza la jimbo ni dola 30.

"Shilingi ngapi hiyo?"

"Kama elfu themanini baba."

"Themanini?"

"Themanini."

"Mwanangu," akasema, "mimi fomu ya kugombea uweka hazina wa SACCOS yetu hapa nimelipia laki, na nikaenguliwa."